Kilabu cha pombe (Mbulu na Hanang)

Kilabu cha pombe ni mahali panapouzwa na kunywewa pombe ya kienyeji nchini Tanzania. Makala hii inahusu vilabu vya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, na jinsi vinavyokosa nafasi miji inapopangwa upya.

Chimbuko

Kilabu si mila ya kale, ingawa watu wengi hukiita hivyo. Zamani pombe ya mtama ya Wairaqw, iitwayo buura, ilipikwa nyumbani kwa ajili ya tambiko, arusi au kazi ya pamoja: mwenye shamba aliwaita majirani kulima, jioni wakanywa. Wazee walitamka slufay, maneno ya baraka yanayoitikiwa na waliohudhuria. Kwa Wadatoga kinywaji cha heshima kilikuwa cha asali na mizizi, nacho kilikuwa cha wazee. Kuuza pombe kulienea pamoja na matumizi ya fedha. Serikali ya kikoloni ilitaka wauzaji wawe na leseni, na utaratibu huo uliendelea katika Sheria ya Vileo ya mwaka 1968.

Umuhimu wa mahali

Nafaka hulowekwa, huoteshwa kuwa kimea, huanikwa, husagwa, hupikwa kama uji na kuachwa ichachuke. Ikishaiva hainyweki siku nyingi, maana huendelea kuchacha. Tena ni nzito kubeba. Kwa hiyo mpishi, ambaye kwa kawaida ni mwanamke, anahitaji maji, kuni na wanywaji wa karibu. Akihamishiwa pembezoni mwa mji hapotezi kibanda tu, hupoteza wateja, na pengine ada ya shule ya watoto wake.

Miji kama Mbulu na Katesh inapopimwa viwanja, kibanda cha udongo kisicho na hati hakina utetezi. Mwenye grosari ya bia ya chupa anaweza kujenga kwa tofali na kulipia kiwanja. Mpika pombe wa debe mbili kwa wiki ni vigumu. Baadhi ya wanywaji huishia kwenye gongo, ambayo ni haramu na hunywewa kwa kujificha.

Bung'eda na mashamba ya ngano

Hasara nzito zaidi ya aina hii haikutokea mjini. Wabarbaig, tawi la Wadatoga, humheshimu mzee aliyefariki kwa kujenga kichuguu cha kaburi, bung'eda, na ukoo hukusanyika hapo kunywa pombe ya asali. Kuanzia miaka ya 1970 mradi wa ngano wa shirika la umma NAFCO, uliosaidiwa na Kanada, ulichukua takriban ekari 100,000 za malisho katika nyanda za Basotu. Baadhi ya makaburi hayo yalilimwa kwa trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua katika miaka ya 1980.