Aprili ya risasi zilizolowa maji ya chumvi

Mwezi wa Aprili una tarehe mbili ambazo sisi wa West Nile tungepaswa kuzikumbuka kwa pamoja. Tarehe 29 Aprili 1888, kando ya Ziwa Albert, Henry Stanley alikutana na Emin Pasha na kumletea masanduku ya risasi za Remington. Tarehe 14 Aprili 1915, kaskazini mwa Tanga, meli ya Kijerumani iitwayo Rubens ilikimbilia Ghuba ya Manza ikiwa imesheheni bunduki na mamilioni ya risasi. Habari ya Emin vitabu vya shule vinaitaja. Habari ya Rubens inatajwa nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye watu wetu.

Ya Emin kwa ufupi. Aliteuliwa gavana wa Equatoria, jimbo lililokuwa chini ya Misri, mwaka 1878. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa wafuasi wa Mahdi Januari 1885, njia yake ya kaskazini ikafungwa, naye akahamia Wadelai, huku kwetu kwenye Mto Nile. Jeshi lake lilikuwa na bunduki nzuri, lakini bunduki bila risasi ni rungu. Stanley alipoondoka naye mwaka 1889, askari wengi walibaki nyuma. Mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, aliwachukua wale waliokuwa chini ya Selim Bey, afisa wa Emin, kuwaingiza katika utumishi wa Waingereza Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi tunaoishi nao Arua, Koboko na Bombo, na wana wa askari hao waliingia kwa wingi katika kikosi cha nne cha King's African Rifles. Vita Kuu ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, kikosi hicho kilipigana na Wajerumani.

Risasi ya zama zile ina sehemu nne: fataki kitakoni, baruti tumboni, kichwa mdomoni, na ganda la shaba linaloshika vyote. Ganda la Remington ya Misri lilikuwa na shingo, vivyo hivyo la Mauser ya mwaka 1871 waliyobeba askari wengi wa Wajerumani. Shingo hubanwa ili tumbo libebe baruti nyingi huku kichwa kikibaki chembamba. Ile ya 1871 ilikuwa na kichwa cha madini ya risasi, upana milimita 11, na baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi kila ilipopigwa. Askari aliyejificha kichakani alifyatua mara moja tu na adui akajua alipo.

Jenerali von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ambaye kumbukumbu zake ndizo ninazozitegemea hapa, hakuficha hofu yake. Novemba 1914 alishinda Tanga na kuokota bunduki, mizinga ya rasharasha na risasi nyingi za Waingereza. Januari 1915 akashinda tena Jasin, mpakani, lakini ushindi huo ulimla risasi kama laki mbili. Akapiga hesabu na kuona kwamba mapigano ya namna ile angeyamudu mara tatu tu, basi. Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, na koloni zima halikuwa na kiwanda cha baruti.

Ndipo ikaja Rubens. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyotekwa, ikapakwa rangi na kujifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, chini ya nahodha Carl Christiansen. Waingereza walikuwa wamenasa habari zake kwa simu ya upepo, na manowari Hyacinth ikamngoja. Bahati yake, injini moja ya Hyacinth iliharibika katikati ya mbio. Christiansen akaingia Manza, akafungulia maji yajae ndani ya meli, na sitaha ikawaka moto. Waingereza waliipiga mizinga, wakauona moshi, wakaondoka wakiamini kazi imekwisha. Shehena ilikuwa chini, ndani ya maji, salama dhidi ya moto.

Wapiga mbizi waliitoa sanduku kwa sanduku. Bunduki zilisafishwa zikafaa, ila risasi zilianza kufa. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye fataki na baruti, na kila wiki iliyopita idadi ya zilizogoma kulipuka iliongezeka. Lettow anasema hapakuwa na njia ila kuzifungua zote.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya, penye kituo cha reli ya kutoka Tanga, ndio mji wa Moshi wa leo. Fikiria risasi moja tu mkononi mwa mtu. Kichwa kinavutwa kutoka shingoni bila kulipasua ganda. Baruti inamwagwa na kusafishwa. Fataki iliyooza inatolewa, nyingine inawekwa. Fataki zilizopatikana nchini zilikuwa za muundo tofauti, ikabidi zilazimishwe kukubali. Kisha baruti inarudi, kichwa kinarudi, shingo inashika tena. Mtu anaichukua ya pili. Kazi hiyo iliendelea kwa miezi, asubuhi hadi jioni, kwa kila mkono uliopatikana pale mjini. Na yule aliyekosea kidogo hakuharibu chombo tu, maana mbele yake kulikuwa na fataki na baruti, vitu visivyosamehe.

Zilizotoka hazikuwa sawa. Risasi nzima ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa akiba kwa ajili ya bunduki za rasharasha. Katika zilizojazwa upya, zile ambazo takriban moja kati ya tano iligoma zilipelekwa vitani, na mbovu zaidi zikawa za mazoezi. Hebu msomaji alipime hilo. Askari anakabidhiwa risasi akijua kwamba katika kila tano, moja huenda ikagoma adui akiwa mbele yake. Na bado walipigana.

Hapa ndipo ninapotofautiana na jenerali. Kwake kazi ya Moshi ni mfano wa akili ya Mjerumani aliyezingirwa. Mimi naona vidole vya Waafrika, ambao katika ukurasa wake hawana hata jina moja. Na naona jambo zito zaidi: risasi zile zilirefusha vita. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu. Ustadi wa Moshi ulikuwa ustadi wa kweli, na ulitumika vibaya. Yote mawili yasemwe.

Waingereza waliingia Moshi Machi 1916. Mwezi huo huo meli ya pili, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi, na shehena yake ilikuwa imefungwa vizuri kwa mabega ya wapagazi, kwa hiyo adha ya Manza haikurudiwa. Novemba 1917, Lettow alipovuka Ruvuma na kuwapiga Wareno Ngomano, aliokota risasi kiasi cha kuweza kuachana na bunduki nyingi za 1871. Tangu hapo alikula ghala la adui hadi aliposalimu amri Abercorn, Novemba 1918.

Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai. Ilikuwa haki iliyochelewa, na ilikuwa ya waliobeba bunduki. Dar es Salaam ina Sanamu ya Askari tangu 1927, na maandishi yake yanawataja pia wapagazi wa upande wa Waingereza, hilo nalisifu. Huku kwetu mahandaki ya ngome ya Emin pale Dufile bado yanaonekana, na wanaakiolojia wamechimba, lakini mtoto wa Mvara, pale Arua, anaweza kumaliza sekondari bila kupelekwa kuyaona hata siku moja. Moshi kuna kituo cha reli ambacho watalii hukipiga picha. Ningependa manispaa iweke pale ubao mmoja wa Kiswahili, useme kwamba mwaka 1915 katika mji huu watu walizifungua na kuzijaza upya risasi za meli nzima kwa mikono yao, na kwamba hakuna aliyeandika majina yao.