Sungura wa Bibi Alikuwa na Jina Lingine

Bibi yangu hakuwahi kusema "sungura". Katika hadithi zake zote yule mnyama mdogo mjanja aliitwa Kalulu. Kalulu alimdanganya fisi. Kalulu alikunywa maji ya kisima ambacho wenzake walichimba yeye akiwa amelala. Sisi wajukuu tulidhani ni jina tu. Rabai imejaa akina Kazungu na akina Kadzo, sasa sungura naye akiitwa Kalulu shida iko wapi?

Miezi minne baada ya kumzika bibi nilisikia jina hilo kwa mtu mwingine. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, watu kumi na mmoja, na mgeni wa kumi na mbili alikuwa mwanafunzi wa chuo kutoka Malawi. Mwalimu alikuwa amenisukuma nisimulie kitu chochote cha bibi, nikasimulia ile ya kisima. Nilipofika kwa Kalulu, yule mgeni alicheka kabla sijafika pa kuchekesha. Akaniuliza, "Nani alikufundisha lugha yetu?"

Kumbe kalulu si jina la mtu. Kwao Malawi, kalulu ndiye sungura mwenyewe.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi naishi Nairobi, nafanya kazi ya kompyuta, na kwa miaka mingi Rabai ilikuwa mahali pa Krismasi na matanga tu. Unashuka Mazeras, unapanda boda, unapita minazi, umefika. Kitu pekee nilichojua kuhusu historia ya kwetu ni kile mlichosoma nyinyi pia shuleni: Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akampoteza mkewe na mtoto mchanga, kisha yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha misheni Rabai mwaka wa 1846. Rebmann akaona Kilimanjaro 1848, Krapf akaona Mlima Kenya 1849. Hapo mwalimu wa darasa anafunga kitabu na Rabai inaisha.

Wakati wa matanga ya bibi, mzee mmoja aliyestaafu ualimu alinikaribia na daftari. Hakunipa pole kwanza. Aliniuliza, "Bibi yako ulimrekodi?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kifo cha pili. Ndiyo nikajua kuna kikundi cha historia cha kijiji, kinakutana Jumamosi moja kila mwezi, na kila mtu anatoa bob hamsini ya chai.

Msifikirie ofisi. Kikundi chetu hakina ofisi, hakina barua zenye nembo. Kina simu nne nzuri, sanduku la bati la kuhifadhi karatasi, na Mwalimu. Kazi zetu ni ndogo ndogo. Wawili wanatembea makaburini na brashi laini, wanasafisha mawe na kunakili maandishi kabla mvua haijayamaliza. Wengine wanarekodi wazee. Mama mmoja muuza samaki ndiye mtafiti wetu bora, kwa sababu anaingia kila boma na hakuna anayemwogopa. Vijana wawili wa sekondari wanachora ramani ya majina ya zamani: mti huu uliitwaje, kijito kile kiliitwaje, nani alikaa hapa kabla ya barabara. Kuhusu kaya zetu, misitu mitakatifu ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka wa 2008, hatuandiki kitu bila wazee wa kaya kukubali. Kuna mambo walituambia ni ya kusikia tu, si ya kuandika. Tukasikia, tukanyamaza.

Nilipojiunga nilidhani nitawafundisha watu hawa kazi. Mimi ndiye ninajua kuskani, sivyo? Wiki ya kwanza Mwalimu alinipa swali moja tu la kwenda nalo nyumbani: "Jina la ukoo wenu ni la Kizungu. Lilitoka wapi?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Ukiishi Nairobi mtu akiona jina lako anadhani baba yako alipenda sinema.

Jibu lake linahitaji historia ambayo shule iliruka. Kwa miaka mingi majahazi yalikuwa yakibeba watu kutoka pande za Ziwa Nyasa na kwingineko hadi Zanzibar, Pemba, Mombasa na Malindi. Wengine walikamatwa na manowari za Uingereza baharini, wakapelekwa India. Huko, karibu na Nashik, wamisionari walikuwa na makao ya kuwafundisha watoto hao useremala, uhunzi na Kiingereza. Wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Kuanzia miaka ya 1860 baadhi yao walirudishwa Afrika, na Rabai ilikuwa moja ya vituo vyao. Ndio hao vitabu vinawaita Waafrika wa Bombay. Baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka wa 1873, misheni ilianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Ukipita Kengeleni leo ukiwa kwenye matatu, ile kengele iliyopapa jina ni ya mji huo.

Mmoja wa waliorudi kutoka India ni William Jones. Huyu mtu angestahili filamu. Alifunzwa Nashik, akahudumu Rabai, akawekwa wakfu kuwa shemasi mwaka wa 1885. Mwaka huo huo aliandamana na Askofu James Hannington kuelekea Uganda. Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyeongoza mabaki ya msafara kurudi pwani. Walipoingia Rabai mwanzoni mwa 1886 walikuwa wamebeba bendera ya buluu yenye neno moja la Biblia, Ichabod, maana yake utukufu umeondoka. Mwalimu akisimulia hapo huwa anasimama, anaonyesha kwa mkono njia waliyopitia.

Lakini si wote waliofika Rabai waliletwa na misheni. Wengi walijileta. Walikimbia mashamba ya pwani usiku, wakajificha kwa Wamijikenda, wakaanzisha vijiji vyao, wengine wakaja kujibanza kwenye misheni. Wenye mashamba waliwaita watoro na walidai warudishwe. Mwaka wa 1888 mambo yalikaribia kuwa vita. Ndipo George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki akafanya mapatano: wenye watumwa walilipwa, na siku ya mwaka mpya, 1 Januari 1889, vyeti vya uhuru vikatolewa hapa Rabai. Ukijumlisha vituo vyote, waliokombolewa hivyo walikuwa zaidi ya 1,400.

Soma tena sentensi hiyo ya mapatano. Waliolipwa ni waliomiliki watu. Aliyelimishwa miaka kumi bila ujira alipata karatasi. Na kwingine pwani utumwa haukufutwa kisheria hadi 1907.

Sasa nirudi kwa Kalulu. Yule mwanafunzi wa Malawi hakuja Rabai kwa sababu ya Kilimanjaro. Alimfuata Salimini. Salimini alikuwa mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ambaye, miaka ya 1850, alikaa na Rebmann akimfundisha lugha ya kwao, neno baada ya neno. Kamusi iliyotokana na vikao vile ilichapwa mwaka wa 1877, mwaka mmoja baada ya Rebmann kufa. Kwenye jalada kuna jina la Rebmann. Yule mgeni alituambia, "Kwetu kitabu hiki ni chetu, na kilizaliwa kwenu." Muuza samaki akasema, "Basi Salimini alikuwa mwalimu, na mwanafunzi akapewa cheti." Tukacheka, lakini nikaona Mwalimu anaiandika.

Nilitaka kulia na kuruka kwa wakati mmoja. Nikasema mbele ya wote, "Kwa hivyo bibi alikuwa Mmalawi!" Mwalimu akanikalisha. Neno moja si ushahidi, akasema. Neno hilo hilo liko Zambia pia. Huenda bibi alilipata kwa jirani, kwa yaya, kwa rafiki. "Umepata mlango, mjukuu wangu. Usiseme umepata nyumba."

Miezi miwili baadaye nilidhani nimeipata. Familia moja ilileta daftari la babu yao, aliyekuwa katekista. Mzee yule alikuwa ameandika, kwa wino uliokuwa umegeuka kahawia, waliozaliwa, waliokufa, na pembeni mwa baadhi ya majina, walikotoka. Nilimwona babu wa bibi yangu. Pembeni palikuwa na maneno mawili: mtoro, Mnyasa.

Hapo nikafanya kosa ambalo bado linanichoma. Nilipiga picha ukurasa mzima, nikauweka kwenye status. Nikaandika kitu cha kujivunia kuhusu mizizi. Wasee wa Nairobi wakanimwagia mioyo. Kwenye ukurasa huo huo, mistari mitatu chini ya babu yetu, palikuwa na jina la babu wa familia nyingine, na pembeni yake maneno ya aina hiyo hiyo.

Simu ilianza kulia usiku. Shangazi hakusalimu. "Unajua umefanya nini?" Sikujua. Nilikuwa nimekulia mbali. Sikujua kwamba hapa kijijini neno "mateka" bado linaweza kutupwa kwenye kikao cha mahari na kikao kikavunjika. Sikujua kwamba familia ile ilikuwa na kesi ya shamba, na upande wa pili ulikuwa unasema hawa si wa hapa, walikuja. Picha yangu ilikuwa imeshafika kwao. Nilifuta, lakini kitu kilichoonekana kimeonekana.

Jumamosi iliyofuata nilisafiri usiku, nikaenda kwa mzee wa familia ile kabla ya kikao. Muuza samaki alinisindikiza. Nilimshika mzee mkono kwa mikono miwili, nikamwambia, "Babu, nimekukosea mbele ya watu." Alikaa kimya muda mrefu, anachokora tumbako. Halafu akaniuliza kama najua kwa nini baba yake hakuwahi kumwambia. Nikasema kwa sababu ya aibu. Akakataa. "Si aibu. Baba alikuwa anatunza shamba. Siku ukisema ulitoka mbali, mtu atakuuliza kwa nini hurudi."

Hakusema amenisamehe. Alisema nimwonyeshe ule mstari. Nilimsomea jina la babu yake mara mbili, akaniomba mara ya tatu.

Kikao cha siku hiyo kilikuwa kirefu kuliko vyote. Kijana mmoja alisema tufunge daftari, tulirudishe. Mwingine akasema tukificha tutakuwa kama vitabu vya shule, tunachagua nani aonekane. Mwishowe tulikubaliana kanuni ambayo sasa imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku la bati: mstari ni wa familia. Hakuna picha ya ukurasa mzima. Mwenye jina akikubali tunaandika, akikataa tunatunza na kunyamaza, na mtoto wake akija kuuliza baadaye, anasomewa. Mimi nilipewa adhabu ya kutengeneza fomu ya ridhaa kwa Kiswahili na Kirabai, na kuieleza boma kwa boma. Ilinichukua likizo yangu yote.

Kufikia sasa familia saba zimekubali. Ile ya mzee wangu bado, kesi haijaisha. Siwezi kusema ni sawa, wala siwezi kusema amekosea.

Mimi kwenye fomu yetu niliuliza wajomba na shangazi wote kabla ya kutia sahihi. Mjomba mmoja aligoma kwa wiki tatu. Alitaka kujua kama atabadilishiwa kabila kwenye kitambulisho. Nikamwambia hapana. Sisi ni Warabai kwa sababu kuna watu wa Rabai waliofungua mlango usiku mtu akiwa anafukuzwa, na tangu hapo tumezaliana, tumezikana, tumedaiana madeni. Uenyeji gani mwingine unatakiwa? Alinyamaza, kisha akasema nimwekee hilo kwenye simu kwa sauti yangu. Sijui analichezea nani.

Mwaka huu tunapanga jambo dogo tarehe 1 Januari, siku ya vile vyeti. Hakuna mgeni rasmi, hakuna hema. Watu watakutana, majina yaliyoruhusiwa yatasomwa, basi. Mwalimu anasisitiza jina la kwanza kusomwa liwe la Salimini, ijapokuwa hana ukoo hapa tunaoujua. Nani atamruhusu? Tulipouliza, Mwalimu alisema yule aliyemfundisha mzungu maneno yote yale alitaka yakumbukwe.

Kazi yangu kwenye kikundi siku hizi ni maneno. Nazunguka kwa waliokuwa marika wa bibi nikiwauliza walivyoita vitu walipokuwa wadogo: chungu, wadudu, mvua ya kwanza, mtoto mtundu. Nina maneno kumi na manne ambayo majirani hawayatumii. Mengine yatakuwa ya Kirabai cha zamani, mengine labda ya mbali. Nayaandika tu, na jina la aliyenipa, akikubali.

Kama wewe pia una bibi au babu mwenye neno lake ambalo hakuna mwingine mtaani analitumia, usicheke kama tulivyocheka sisi. Muulize leo alilisikia kwa nani. Mimi wangu nilichelewa kumuuliza, na sauti yake ninayo kwenye rekodi moja tu ya sekunde arubaini, anamwita paka.