Jenereta Inayosikia

Habaswein, kwa Kisomali, ni vumbi kubwa. Kisima tulichokitegemea kilikuwa na pampu ya jenereta, na mzee aliyeiendesha hakuwa na kipimo chochote. Alikaa kivulini akisikiliza injini. Siku moja mlio ukawa mwepesi, akainuka haraka kuizima.

"Adeer, kuna nini?"

"Maji imeshuka. Pampu inavuta hewa."

Hata hakuchungulia kisimani. Mzigo ukipungua, jenereta yenyewe inasema.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, kabla hatujaingia maabara ya fizikia ya atomu. Yaliyobaki niliyasoma peke yangu kwa simu, na humo nikamkuta tena yule mzee.

Mwaka 1944, vita vikiendelea, Yevgeny Zavoisky alikuwa Kazan, Muungano wa Kisovieti. Alitaka kujua kama elektroni za chumvi za metali, zikiwa ndani ya sumaku, humeza mawimbi ya redio. Humeza, lakini kidogo mno. Basi akaangalia osileta, ile sakiti inayotengeneza mawimbi yenyewe. Chumvi ilikaa ndani ya koili yake, na sumaku ilipofikia nguvu inayofaa, mkondo wa gridi ya valvu ukabadilika. Mtoaji ndiye aliyekuwa msikilizaji.

Desemba 1945, kule Harvard, Purcell, Torrey na Pound wakapata mwitikio wa viini vya atomu ndani ya nta, kwa sakiti ya aina nyingine. Mwaka 1950 Pound na Walter Knight wakaitumia osileta, wakaipunguzia nguvu hadi karibu izime. Osileta iliyoshiba haijali ikiibiwa kidogo. Inayojikongoja huyumba mara moja. Shida ni kwamba huzima ovyo, hadi mwaka 1959, F. N. H. Robinson wa Oxford alipopanga sakiti iliyotulia zaidi. Baadaye maabara nyingi zilihamia kwenye mipigo mifupi ya mawimbi, na mashine za MRI za hospitali hufanya hivyo.

Mipigo hiyo hutafuta hata maji ya ardhini. Waya mrefu hutandazwa chini, unapigwa umeme, kisha unasikiliza protoni za maji. Kwa sumaku hafifu ya dunia upande wetu, zingejibu takriban mara 1,400 kwa sekunde, mlio ambao sikio lako lingeusikia ukipitishwa kwenye spika.

Kwetu hili si swali la darasani. Chini yetu kuna maji ya Merti, yanayonyweka hapa na kambini Dadaab, lakini pembezoni ni ya chumvi. Ulipokuja mpango wa kuyavuta hadi mji wa Wajir, watu waliuliza: tukichota zaidi, yatabaki matamu?

Siku hizi kisima chetu kina sola. Ni nafuu, haili dizeli. Ila haitoi mlio, na mzee sasa hukaa kando ya tangi, akisikiliza maji yanavyoanguka.