Mto Sondu: Kutoka Mau hadi Winam

Anayekunywa chai ya Kericho amekwisha kuonja kazi ya msitu wa Mau. Mvua ya msitu huo ndiyo inayolisha mashamba ya chai, na ndiyo inayojaza mito ya Kipsonoi upande wa Bomet, na Itare, Kiptiget na Yurith upande wa Kericho. Kipsonoi na Yurith ikikutana, mto huwa Sondu. Ukiteremka zaidi, Wajaluo huuita Miriu, na safari yake huishia Ghuba ya Winam, Ziwa Viktoria.

Kampuni za chai zilipoingia katika miaka ya 1920, zilichukua ardhi ya Wakipsigis yenye mvua ya uhakika. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamishia watu wa Talai, ukoo wa Wakipsigis, huko Gwassi, kwenye ufuo wa ziwa hilohilo linalopokea maji ya kwao. Wakipsigis waliobaki wakawa maskwota katika ardhi yao, au vibarua wa kuchuma majani. Chai ya mkulima mdogo ilichelewa sana kuruhusiwa. Ilipata nguvu hasa baada ya mamlaka ya chai ya KTDA kuanzishwa mwaka 1964.

Mji wa Sondu, mpakani mwa maeneo ya Wakipsigis na Wajaluo, una soko ambamo jamii hizo hufanya biashara, na ambamo pia zimewahi kumwagiana damu. Mwanasiasa akitaka kura, mpaka huo humfaa kuliko soko.

Chini ya mji, karibu na maporomoko ya Odino, maji huingizwa kwenye handaki hadi kwenye kituo cha Sondu-Miriu cha megawati 60. Yakitoka hapo huzungusha tena mitambo ya Sang'oro, megawati 21. Hakuna bwawa kubwa la kuyaweka akiba. Mto ukipungua, umeme nao hupungua.

Ndiyo maana mambo ya Mau si ya watu wa mlimani peke yao. Mwaka 1986 serikali iliweka mikanda ya chai ya Nyayo kuzuia uvamizi wa msitu. Mwaka 2001, serikali hiyohiyo ikatangaza kumega maelfu ya hekta za Mau Kusini-Magharibi, kwenye chanzo cha Sondu. Kwa maoni yangu, mkulima aliyepewa kipande cha msitu huo hana lawama kubwa kama aliyetia sahihi.