Nyekundu ya Otenyo

Siku hizi ukitaka kumwonya rafiki kuhusu mpenzi wake, unasema tu: huyo ni red flag. Matatu ya Keroka ikisimamishwa na polisi, makanga anasema tumeflagiwa. Gavana naye anaflag off malori ya mbolea. Neno la Kizungu limepata kazi kila mahali, lakini kitambaa chenyewe bado tunakiita bendera, jina ambalo Waswahili wa Pwani walilipata kwa Wareno.

Huku Gusii, bendera ya kwanza ya serikali ilikuja na bunduki. Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo Getembe, Kisii ya leo. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa Wazungu. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki mkuu wa kituo, Geoffrey Northcote. Northcote alipona. Waliolipa ni wanavijiji: nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa, watu wakauawa.

Nikiwa shule ya msingi Nyamira, kila Jumatatu na Ijumaa tulisimama wima mbele ya mlingoti. Mwalimu akiuliza nyekundu ni damu ya nani, tulijibu: Mau Mau! Otenyo hatukumtaja. Nilikuja kumsoma nikiwa nimeshaacha chuo, bila mtihani wowote mbele yangu.

Juni 2024, vijana wa Kisii walipoingia barabarani na bendera mabegani, niliiangalia ile nyekundu kwa jicho lingine. Mdogo wako akikuuliza ni damu ya nani, mtajie Mau Mau. Halafu mwambie na ya hapa nyumbani.