Jina la asteroidi haliuzwi, wadau!

Wiki iliyopita binamu yangu kaja kanionyesha cheti cha rangi rangi alichokipata kwenye intaneti. Eti kalipa dola 40, na sasa kuna asteroidi huko juu inaitwa jina la mchumba wake. Nikamwambia pole sana, umeingizwa mjini. Naona wengi hawalijui hili, so ngoja niliandike.

Asteroidi ni miamba inayolizunguka jua kama sayari, ila ni midogo. Mingi iko kati ya Mars na Mshtarii. Ya kwanza kuonekana ni Ceres, tarehe 1 Januari 1801, na aliyeiona ni padri Giuseppe Piazzi pale Palermo, Sicily. Jamaa alikuwa anatengeneza orodha ya nyota, akashangaa "nyota" moja inahama kidogo kidogo kila usiku. Kabla hajamaliza kuichunguza akaumwa, halafu yenyewe ikapotelea kwenye mwanga wa jua! Ikabidi kijana wa miaka 24, Carl Friedrich Gauss, apige hesabu, na mwisho wa mwaka huo huo ikaonekana karibu kabisa na pale alipokadiria. Piazzi alikuwa ameiita Ceres, mungu wa kilimo wa Warumi, akachomekea na jina la mfalme wake Ferdinand. Nchi nyingine zikagoma, la mfalme likaachwa. (Tangu 2006 Ceres imepandishwa cheo, ni sayari kibete.)

Mbinu ya leo ni ile ile: piga picha anga mara kadhaa, tafuta kidoa kinachohama. Ila sasa kazi ya kuchambua wanaifanya kompyuta. Mwamba mpya unapewa kwanza jina la muda, mfano 2004 MN4. Hapo 2004 ni mwaka, M ni nusu ya pili ya Juni, na N4 maana yake ni wa 113 kuandikishwa katika siku hizo. Njia yake ikishajulikana vizuri ndio unapewa namba ya kudumu, na hilo linaweza kuchukua miaka. Huo ulipata namba 99942 mwaka 2005 na ukaitwa Apophis. Ndio ule uliotutisha kwamba ungetugonga 2029. Hautugongi: utapita kama kilomita 32,000 kutoka ardhini, kwa saa zetu ni usiku wa kuamkia Jumamosi 14 Aprili 2029.

Sasa jina. Aliyegundua ana miaka 10 baada ya namba kutoka ya kupendekeza, halafu kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia inakubali au inakataa. Lisizidi herufi 16, litamkike, lisiwe tusi wala tangazo la biashara. Mwanasiasa au mwanajeshi mpaka apite miaka 100 tangu afariki (hapo nimewapenda). Majina ya wanyama wa kufugwa nayo hawayataki, maana kuna mtaalamu aliwahi kuupa mwamba namba 2309 jina la paka wake, Mr. Spock, watu wakanuna. Kulipia jina hakupo kabisa.

Na kwetu tumo, tena bila kutoa hata senti. Waliokuwa wakitazama kutoka Johannesburg, hasa Cyril Jackson, walitumia sana majina ya Afrika. Kuna 1278 Kenya na 1279 Uganda, zote za 1933, kuna 1428 Mombasa na 1427 Ruvuma za 1937, na watu wa Tanga msilale, 1595 Tanga ilionekana tangu 1930. Ilionekana mapema, namba ikachelewa.

Kwa hiyo mkiletewa cheti, ulizeni namba kwanza. Cha binamu hakina. Kaandika barua pepe kudai hela yake, mpaka leo kimya.