162FMJ: Nduthi ya Eastlands Ilibuniwa na Nani?

Leo tuweke kompyuta kando kidogo, tuongee chuma na oili.

Ukiwa stejini Umoja, Kayole au Dandora, inama utazame sehemu ya chini ya injini ya nduthi unayotaka kupanda. Kama ni Skygo, Tiger, Haojin au jamaa yao mwingine kutoka China, kuna uwezekano mkubwa utakuta herufi hizi zimegongwa kwenye chuma: 162FMJ. Au 156FMI. Wengi hudhani ni namba ya kuandikwa kwenye logbuku tu. Kumbe ni maelezo kamili ya injini. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda: moja. 62 ni upana wa silinda kwa milimita. F inasema injini inapozwa na upepo, M ni ya pikipiki, na J ni daraja la cc 150 (I ni la cc 125). Pistoni yenyewe husafiri milimita 49.5 kwenda juu. Piga hesabu ya ujazo utapata cc 149 na ushee. Natamani watu wangepa mafaili yao majina namna hii.

Sasa swali. Inakuwaje pikipiki zenye majina kumi na rangi kumi, kutoka viwanda ambavyo ni washindani, ziwe na moyo mmoja?

Turudi mwaka 1976. Mwaka huo kampuni mbili, moja ya Ujerumani na nyingine ya Japani, zilitoa pikipiki ambazo ukiziweka bega kwa bega huwezi kuamini zinajibu swali lile lile: mtu anayetaka kwenda mwendo mrefu, na abiria na mzigo, siku baada ya siku, apewe chombo cha namna gani? BMW ilijibu kwa R100RS. Injini ya cc 980, nguvu farasi 70, na mbele kava kubwa linalomkinga mwendeshaji dhidi ya upepo na mvua. Kava hilo lilibuniwa chini ya Hans Muth na kupimwa katika handaki la upepo la Pininfarina kule Italia, yaani chumba ambamo mashine hupuliza upepo mkali ili wahandisi waone unavyopita juu ya chombo. Wapenzi wa pikipiki huihesabu R100RS miongoni mwa za kwanza za ukoo wa pikipiki za safari ndefu zenye mbio. Bei yake nayo ilikuwa ya safari ndefu.

Honda ilijibu kwa CG125.

Hapa ndipo penye utamu. Pikipiki nyingine za Honda za cc 125 wakati ule zilikuwa na kamshafti juu kabisa ya injini, ikizungushwa na chaini. Ni muundo mzuri, unaruhusu injini kuzunguka kwa kasi. Lakini Honda iligundua kwamba katika nchi maskini pikipiki hizo zilikuwa zinakufa mapema. Wenyewe walibeba mzigo mara mbili ya uliokusudiwa, na oili haikubadilishwa mpaka iwe nyeusi kama chai ya rangi. Oili ikichoka au ikipungua, sehemu ya juu ndiyo huumia kwanza, maana huko ndiko oili hupanda kwa taabu.

Wangeweza kuongeza onyo kwenye kijitabu cha maelekezo. Badala yake walibadilisha injini. Kamshafti ikashushwa chini karibu na oili, ikazungushwa kwa gia badala ya chaini. Ikawa na nundu moja tu inayoinua valvu zote mbili kwa zamu, kupitia vijiti viwili virefu vya chuma. Chujio la karatasi la oili halikuwekwa. Badala yake kuna kisahani kinachozunguka na kurusha uchafu pembeni. Chaini ya nyuma ikafungiwa ndani ya kava zima ili vumbi lisiifikie. Injini ya hivyo haipendi mizunguko mingi, lakini ya kazi gani mizunguko mingi kwa mtu aliyebeba gunia? Katika ufundi wetu wa programu kuna wabunifu wa aina mbili: anayemwambia mtumiaji "soma mwongozo kwanza", na anayejua kwamba mwongozo ulishafungiwa mandazi. Waliobuni CG walikuwa wa aina ya pili.

Injini hii ilivyofika kwetu ni hadithi ya Chongqing, mji wa China uliojaa viwanda vya pikipiki. Kampuni kama Zongshen na Lifan zilianzishwa huko mwaka 1992, na watengenezaji wengi wa vipuri wakawa wanatengeneza pistoni, silinda, kabureta na gia kwa vipimo vya CG. Kiwanda kikitaka kuanzisha pikipiki mpya hakikuhitaji kubuni injini. Kilinunua vipande sokoni, kikaviunganisha, kikabandika jina. Takahiro Fujimoto wa Chuo Kikuu cha Tokyo na mwenzake Dongsheng Ge waliandika mwaka 2004 kuhusu mfumo huu, wakauita muundo ulio nusu wazi. Usinielewe vibaya, haukuwa mradi wa programu huria. Walioiga wengi hawakumwomba Honda ruhusa, na ubora wa chuma ulishuka kadiri bei ilivyoshuka. Lakini matokeo yake yalifanana na ya programu huria: kiolesura kimoja, watengenezaji mamia.

Huku kwetu boda boda ilianza na baiskeli mpakani Busia miaka ya 1960, ikabaki ya magharibi kwa muda mrefu. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250. Pikipiki zilizosajiliwa nchini zilikuwa elfu chache tu mwaka 2005. Kufikia 2010 zilisajiliwa zaidi ya laki moja kwa mwaka. Eastlands ilikuwa inazisubiri bila kujua. Buruburu, Umoja na Dandora zilijengwa kuanzia miaka ya 1970, na matatu zikafuata barabara kubwa: Jogoo Road, Outer Ring, Kangundo Road. Kutoka hapo hadi mlangoni pako ulikuwa ni mguu wako na tope lako. Halafu ploti za ghorofa zikaota kila kona, watu wakawa wengi maradufu, njia zikabaki zile zile. Mtungi wa gesi, gunia la viazi kutoka sokoni, mama mjamzito saa nane usiku: vyote vikapata usafiri.

Na nduthi ilipokufa, ilifufuliwa hapo hapo mtaani. Kijana aliyejifunza injini moja ya CG kule Kariobangi Light Industries alikuwa amezijua zote. Pistoni iliyonunuliwa kwa ajili ya Tiger iliingia kwenye Skygo yenye injini ya aina hiyo hiyo bila maneno mengi. Mwenye duka la spea hakuhitaji mtaji wa kuweka vipuri vya kampuni kumi. Mwendeshaji akiharibikiwa saa nne asubuhi, saa nane angeweza kuwa amerudi stejini, na hiyo ndiyo tofauti kati ya kula na kutokula, hasa ukiwa na pikipiki ya mkopo au ya kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni.

Mafundi wetu nao hawakukaa tu. Chombo kilichotoka China kilikuwa rasimu ya kwanza. Fundi wa kuchomelea aliongeza vyuma vya kukinga miguu, keria pana ya nyuma na chuma cha kushika mwavuli. Anayebeba mizigo mizito alibadilisha sproketi ya nyuma akaweka yenye meno mengi zaidi, akapoteza mbio akapata nguvu ya kupanda. Ule mwavuli mrefu nauangalia kama jibu letu kwa kava la R100RS. Tatizo ni lile lile, mvua na jua, ila sisi hatukuwa na handaki la upepo. Ndiyo maana upepo wa ubavuni ukivuma Outer Ring, mwavuli hugeuka tanga la jahazi na pikipiki ikahama leni yenyewe. Kanuni za mwaka 2015 zinasema abiria mmoja, kofia na jaketi inayong'aa. Hazikuwaza abiria watatu na godoro. Lakini hata waliobuni fremu hawakuwaza hivyo, na breki za nduthi nyingi ni za ngoma, za kusimamisha mzigo mdogo zaidi.

Kisha ikaja Boxer ya Bajaj kutoka India, na hapa nadharia yangu inatikisika kidogo, kwa sababu Boxer si CG. Bajaj ilianza kushirikiana na Kawasaki miaka ya 1980, na Boxer ni tunda la ukoo huo. Injini ya BM150 ina kamshafti juu, silinda ya milimita 56 na mwendo wa pistoni wa 58.8, jumla cc 144.8. Ni nyembamba na ndefu kuliko 162FMJ, na injini za umbo hilo kwa kawaida huvuta vizuri zikiwa katika mizunguko midogo. Ongeza kiti kirefu, fremu ngumu na unywaji mdogo wa petroli. Ikashinda, ikawa nyingi mno, na kwa wingi huo spea zake zikajaa kila kibanda kuanzia Kirinyaga Road mpaka Njiru. Halisi na bandia, ole wako usiyejua kutofautisha.

Leo zamu ni ya pikipiki za stima. Opibus ilianzishwa mwaka 2017, ikajiita Roam mwaka 2022, na huunganisha pikipiki zake papa hapa Nairobi. Betri ya Roam Air ina uwezo wa kilowati-saa 3.24, na mwendeshaji anaweza kuichomoa akaichaji nyumbani. Ampersand na Spiro zimechagua njia nyingine: betri ni ya kampuni, ikiisha unaenda kituoni unabadilishiwa. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna valvu, na petroli ikipanda bei haikuhusu. Kiuhandisi nazipenda.

Ila kila kampuni imekuja na betri yake, yenye umbo lake na plagi zake, na betri ya mmoja haiingii kwa mwingine. Ndani ya betri kuna kompyuta ndogo inayoamua ichajiwe lini na itoe umeme kiasi gani, na kampuni ikiwa ndiyo mwenye betri, kampuni ndiyo yenye neno. Fundi wa Kariobangi aliyefufua 162FMJ kwa spana mbili na bisibisi, akifungua kisanduku kinachoendesha mota, mara nyingi anakuta kimejazwa gundi ngumu, na chini ya gundi hiyo kuna programu ambayo hakupewa nenosiri lake.